Kumwanika fundi si kumdai

Siku hizi ugomvi wa ujenzi huanzia kwenye simu. Mwenye nyumba anaona ufa juu ya dirisha, au vigae vinavyotoa mlio wa uwazi chini ya kisigino, anawasha kamera, anapita chumba baada ya chumba akilalama, anataja jina la mkandarasi na namba yake, kisha anairusha video mitandaoni. Haupiti muda, maelfu wameshaitazama na hukumu zimeshatoka: saruji ilipunjwa, msingi umetitia, bomoa uanze upya. Wanaotoa hukumu hizo hawajawahi kukanyaga pale. Baadaye mkandarasi anaomba radhi hadharani au anazima simu, na watazamaji wanahesabu yote mawili kuwa ushindi wa mteja. Tumeanza kuamini kwamba hatimaye mtu wa kawaida amepata silaha dhidi ya fundi mbovu.

Naona tumeisoma vibaya hali hii. Kumwanika fundi ni kumwadhibu, na adhabu hailipii ukarabati. Aliyefanyiwa kazi mbovu anahitaji moja kati ya mambo mawili: kazi irekebishwe na aliyeiharibu, au irekebishwe na mwingine kwa pesa ya aliyeiharibu. Kinachomfikisha huko ni ushahidi unaosimama, pesa ambayo bado haijatoka mkononi mwake, na nafasi ya haki aliyompa fundi kusahihisha makosa. Video ikirushwa mapema, vyote vitatu hupungua nguvu kwa pamoja, na mwenye nyumba hubaki na hasira iliyopata watazamaji.

Mgogoro wenyewe ni wa kale. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu miaka 3,750 iliyopita, mjenzi ambaye nyumba yake imeanguka na kumuua mwenye nyumba alistahili kuuawa. Kifungu hicho ndicho hunukuliwa kila mara kwa sababu kinasisimua. Kinachosahauliwa ni kifungu cha 233, ambacho kwa maisha ya kila siku kina akili zaidi: ukuta ukionekana unataka kuanguka, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Hata mfalme aliyekuwa tayari kutoa roho ya mtu alijua kwamba kwa kasoro za kawaida dawa ni kurekebisha, na mlipaji anajulikana.

Ugumu wa ujenzi ni kwamba kazi mbovu huzikwa na kazi inayofuata. Nondo hufunikwa na zege, bomba hufunikwa na plasta, na utando wa kuzuia maji bafuni hufunikwa na vigae. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku 28 baada ya kumwagwa, na fundi anayeongeza maji kwenye mchanganyiko ili usambae kwa urahisi huipunguza nguvu hiyo bila jicho la mteja kugundua chochote. Nondo iliyokaa karibu mno na uso wa zege inaweza kuchukua miaka kabla kutu haijaivimbisha na kulipasua zege. Ndiyo maana Ufaransa, tangu sheria yake ya madai ya mwaka 1804, imewabebesha wajenzi dhamana ya miaka 10 kwa kasoro kubwa, na Uingereza mwaka 2022 ilirefusha hadi miaka 30 muda wa kudai kwa makazi yaliyokamilika kabla ya sheria hiyo mpya yakiwa hayafai kukaliwa na watu. Mteja hulipa kwa hatua, kasoro hujitokeza kwa wakati wake, na kati ya nyakati hizo mbili ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya kitaalamu kabla haijawa ya kisheria: kujua kasoro ni ipi na imetoka wapi. BRE, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa majengo, imepanga uharibifu wa kuta kwa madaraja kuanzia 0 hadi 5, na upana wa ufa ni mmoja wa vigezo vyake. Ufa usiozidi milimita 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa suala la mwonekano. Kati ya milimita 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama, na ukipita 25 kuna hatari ya jengo kukosa uthabiti. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kila upande kwenye plasta mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka kwa kukosa kumwagiliwa. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kuzidi kupanuka mwezi hadi mwezi ni habari nyingine kabisa. Kwenye video vyote viwili vinafanana, hasa kamera ikisogezwa karibu na sauti ikitetemeka. Tofauti huonekana kwa rula, kwa tarehe, na kwa alama mbili za penseli pande mbili za ufa zinazopimwa tena baada ya wiki kadhaa.

Na hata kasoro ikithibitika, chanzo chake kinaweza kuwa si mkono wa fundi. Huenda mchoro ulikosewa na msanifu. Huenda udongo haukuchunguzwa, na aliyekataa kulipia uchunguzi ni mwenye nyumba. Huenda nyenzo zilinunuliwa na mteja mwenyewe, aliyetaka kuokoa, akaleta mchanga wenye chumvi au saruji iliyoshika unyevu. Niliwahi kuombwa na jamaa niketi kati yake na fundi wa bafu lililokuwa likivujisha maji kwenye dari ya chini. Jamaa alikuwa na hakika fundi ni tapeli. Zamu ya fundi ilipofika, alitoa simu akaonyesha ujumbe wa mwenye nyumba mwenyewe akimwagiza aache utando wa kuzuia maji kwa sababu wageni walikuwa njiani. Fundi hakusafika kwa hilo, maana mjuzi anapaswa kulikataa agizo la namna hiyo au angalau kulipinga kwa maandishi. Lakini dai la jamaa lilikuwa limeshapoteza nusu ya uzito wake, tena palepale mezani, mbele ya watu wachache. Kama angelisema hayo mbele ya umma, ule ujumbe nao ungetolewa mbele ya umma.

Wanaotetea kuanika wana hoja nzito na sitazipita juu juu. Ya kwanza ni ya mizani ya nguvu. Mkandarasi ana ujuzi ambao mteja hana, ameshapokea sehemu kubwa ya malipo, na anajua kwamba wengi watachoka kumpigia simu kabla yeye hajachoka kutopokea. Jina lake ndilo kitu pekee anachoogopa kukipoteza, kwa hiyo, wanasema, mguse hapohapo. Ya pili ni ya kijamii: anayenyamaza anamwachia fundi huyo mteja mwingine wa kumharibia. Ya tatu ndiyo inayorudiwa zaidi, kwamba mahakama ni ndefu na ghali, hivyo mtandao ndio mahakama ya mnyonge.

Hoja ya mizani ni ya kweli, ila inajijibu yenyewe. Jina la fundi ni karata yenye nguvu ikiwa bado mkononi. Ukishaitupa mezani huna nyingine. Kabla ya video, mkandarasi anayo sababu ya kurudi: kazi za kesho zinategemea jinsi ya leo itakavyomalizika. Baada ya video hasara yake ameshaipata, na pesa ambayo angeitumia kubadilisha vigae sasa anaiweka kwa wakili. Kuna hatari nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Picha inaonyesha ufa, haionyeshi wizi. Anayesema "kazi hii ina ufa, nimemwandikia na hajajibu" anaeleza jambo analoweza kulithibitisha. Anayesema "huyu ni mwizi na tapeli" anamtuhumu mtu kwa kosa la jinai, na katika nchi nyingi mzigo wa kuthibitisha ukweli wa tuhuma kama hiyo huangukia kwa aliyeitoa. Mdai anageuka mdaiwa kwa sentensi moja. Na kumwambia mtu "nilipe la sivyo nakuanika" kunaweza, sehemu nyingine, kuhesabiwa kuwa kosa lenyewe.

Hoja ya kuwaonya wengine naikubali, ila naipinga saa yake. Maelezo yaliyoandikwa mgogoro ukiwa umekwisha, yanayosema kazi ilikuwa ipi, nini kilienda kombo, mkandarasi aliambiwa lini na alijibu vipi, humsaidia mteja ajaye kuliko video ya kilio. Fundi aliyekosea akarudi kurekebisha kwa gharama yake ni fundi wa kutafutwa. Fundi aliyekosea akatoroka ni wa kukimbiwa. Siku ya kwanza ya ugomvi hakuna ajuaye fundi huyu ni yupi kati ya hao wawili, hata yeye mwenyewe pengine.

Hoja ya mahakama ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye mashabiki wengi. Inachukulia kwamba kati ya simu ya hasira na hakimu hakuna kitu. Ukweli ni kwamba kati yake kuna barua ya madai, ukaguzi wa pamoja, ripoti ya mtaalamu asiye na upande, chama cha kitaaluma au bodi ya usajili ya makandarasi pale ilipo, upatanishi, usuluhishi, na katika nchi nyingi mahakama za madai madogo ambazo mtu huenda bila wakili. Migogoro mingi huishia kwenye hatua za mwanzo kwa sababu rahisi: pande zote mbili zikiona karatasi zilezile, kila mmoja anaweza kukisia hakimu angesema nini, na mwenye kesi mbovu hulipa ili asiongeze gharama. Faili lililopangwa vizuri hufanya kazi hata kama halitafunguliwa mahakamani. Anayesema mahakama ni ndefu na kwa hiyo hakuna haja ya ushahidi amelipindua jambo, maana ushahidi ndio unaofupisha safari.

Sasa niingie kwenye ushauri wa pili unaotolewa kila video kama hizo zinapotokea: usimlipe hata senti. Hapa watu hujitia kitanzi wakidhani wanajilinda. Kuzuia pesa ni haki yenye kipimo, na mahakama za Uingereza zimekipima kwa kesi mbili zinazosomwa pamoja. Ya mwaka 1952, Hoenig dhidi ya Isaacs, ilihusu mpambaji aliyekubaliana kutengeneza na kupamba nyumba ya chumba kimoja kwa pauni 750. Mteja alikuwa amelipa 400, akagoma kulipa 350 zilizobaki kwa sababu mlango wa kabati ulikuwa mbovu na rafu ya vitabu ilikuwa fupi. Kurekebisha kungegharimu takriban pauni 56. Mahakama ilisema kazi imekamilika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mteja alipe salio akikata hizo 56. Ya mwaka 1972, Bolton dhidi ya Mahadeva, ilihusu mfumo wa kupasha nyumba joto wa pauni 560 uliotoa moshi ndani na kushindwa kupasha vyumba inavyotakiwa. Kurekebisha kungegharimu 174. Safari hii fundi hakupata hata senti, kwa kuwa kitu alichokijenga hakikufanya kazi ambayo ndiyo sababu ya kujengwa.

Sheria za nchi hazifanani, lakini mantiki ya kesi hizo mbili imeenea mbali na inafaa kuwekwa akilini na yeyote anayeshikilia pesa ya fundi. Kasoro ikiwa ndogo ukilinganisha na kazi nzima, zuia kiasi cha kuirekebisha, ongeza kidogo kwa tahadhari, na ueleze kwa maandishi umekipataje kiasi hicho. Ukizuia salio lote kwa sababu ya kitasa kilichopinda, wewe ndiye uliyevunja mkataba, na fundi anaweza kupata uhalali wa kuacha kazi. Kinyume chake, ukiwa umeshalipa asilimia 100 kabla ya kukagua, umebaki na kusihi. Mikataba ya miradi mikubwa ilitambua hili zamani: sehemu ndogo ya kila malipo hubakizwa, na sehemu yake ya mwisho hutolewa baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro kupita. Hakuna kinachozuia utaratibu huo kutumika kwenye bafu moja au paa moja. Mafundi wazuri huukubali. Wanaoukataa kwa ukali, sijui, lakini mimi ningeuliza maswali zaidi kabla ya kuwakabidhi funguo.

Ushauri wa tatu ni mfukuze, leta mwingine. Unavutia kwa sababu unampa mtu hisia ya kutenda. Lakini fundi wa pili akishaanza kubomoa, ushahidi wa kazi ya wa kwanza unaondoka kwenye toroli la kifusi. Zaidi ya hayo, sheria nyingi zinamtaka mteja ampe mtenda kazi nafasi ya kurekebisha ndani ya muda unaofaa. Sheria ya Uingereza ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kwa mfano, inaanza na haki ya kutaka kazi irudiwe kwa gharama ya aliyeifanya, na punguzo la bei hufuata pale kurudia kusipowezekana au kusipofanyika kwa wakati. Mwenye nyumba aliyefunga geti siku ya kwanza atasikia swali moja kutoka kwa kila msuluhishi: alipotaka kurudi, ulimruhusu? Nafasi hiyo ina mipaka, bila shaka. Kama kilichofanyika ni cha hatari, kama fundi amesharekebisha mara kadhaa na kasoro inarudi, au kama amedanganya kuhusu nyenzo alizotumia, hakuna anayelazimika kumrudisha. Ila sababu hizo ziandikwe kabla ya kufunga geti. Zikizuliwa baadaye hazina nguvu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Fundi mpya hamsifu wa zamani. Ukimwita mtu anayetarajia kupewa kazi ya marekebisho akukagulie kasoro, kila atakachokiona kitahitaji kubomolewa, na bei yake itathibitisha hofu yako. Maoni ya namna hiyo hayana thamani mbele ya msuluhishi, na wala hayapaswi kuwa na thamani kwako. Mlipe mhandisi, msanifu majengo au mkadiriaji majenzi ambaye mmekubaliana tangu mwanzo kwamba hatapata kazi itakayofuata. Aandike anachokiona, kanuni au kipimo kilichovunjwa, chanzo kinachowezekana, njia ya kurekebisha na gharama yake. Ada yake itauma, hasa ukiwa umeshapoteza pesa. Hata hivyo, ripoti ya kurasa chache inayosema vigae vimeachia kwa sababu gundi ilipakwa kwa madoa badala ya kuenezwa, au kwamba sakafu ya bafu imeinamia ukutani badala ya kuinamia tundu la maji, hubadilisha mazungumzo kutoka "wewe ni mbaya" hadi "hiki kitarekebishwa lini". Ikiwezekana mkandarasi aalikwe awepo siku ya ukaguzi. Akija, mengi hukubaliwa palepale. Asipokuja, kutokuja kwake nako ni ushahidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mahali ambapo msemo huo unauma kuliko kwenye ujenzi. Watu hujenga kwa akiba ya miaka mingi wakitegemea maneno ya mdomo na ujumbe wa sauti. Wengi hudhani kukosa mkataba uliopigwa muhuri ni kukosa dai, nao huishia kunyamaza au kupiga kelele. Sivyo. Katika mifumo mingi ya sheria makubaliano ya mdomo ni mkataba. Shida ni kuyathibitisha tu. Ujumbe wa WhatsApp wa bei, picha ya kigae kilichochaguliwa, risiti ya malipo kwa simu, orodha ya vifaa iliyoandikwa nyuma ya karatasi, vyote hivyo vikipangwa kwa tarehe huunda mkataba ambao hakuna aliyekaa kuuandika. Picha zipigwe kwa mbali kwanza ili mahali pajulikane, kisha kwa karibu pakiwa na rula. Faili halisi za picha zihifadhiwe, maana zile zilizorushwa na kurushwa tena hupoteza tarehe na ubora. Kigae kilichong'oka kiwekwe, kisitupwe. Kama maji yanavuja, zuia yasiharibu zaidi na uhifadhi risiti za kuzuia huko, kwa kuwa aliyekaa akitazama uharibifu ukikua hatalipwa kwa sehemu aliyoweza kuizuia.

Barua yenyewe ya kumtaka fundi arekebishe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Inataja kazi na tarehe ya makubaliano, inaorodhesha kasoro moja moja bila sifa za tabia ya mtu, inaambatanisha picha na ripoti, inaomba marekebisho ndani ya siku zinazotajwa kwa hesabu, na inasema hatua gani itafuata siku hizo zikipita. Kumwita mtu mwongo hakumfanyi aharakishe. Anayeandika aifikirie barua hiyo kana kwamba msomaji wake wa kwanza ni mtu wa tatu asiyemjua yeyote kati yao, kwa sababu mambo yakiharibika huyo ndiye atakayeisoma kwa makini zaidi.

Linabaki swali la kiasi, na hapa mategemeo ya watu hupishana sana na wanachokipata. Mwenye nyumba huona kwamba kisichofuata makubaliano kibomolewe na kujengwa upya, iwe gharama yoyote. Mwaka 1921, katika kesi ya Jacob & Youngs dhidi ya Kent, mahakama ya rufani ya New York ilikutana na tajiri aliyetaka mabomba ya kiwanda fulani nyumbani kwake na akawekewa, kwa uzembe, ya viwanda vingine yenye ubora uleule, yakiwa yameshafunikwa ndani ya kuta. Jaji Cardozo alikataa nyumba ibomolewe. Kipimo, alisema, ni tofauti ya thamani, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno. Mwaka 1995 majaji wakuu wa Uingereza walishughulikia bwawa la kuogelea lililotakiwa kuwa na kina cha futi 7 na inchi 6, likaishia na futi 6 na inchi 9, na futi 6 tu pale pa kurukia. Kulijenga upya kungegharimu pauni 21,560. Majaji waliona ni kupita kiasi kwa bwawa ambalo bado lilikuwa salama na halikupoteza thamani sokoni, wakaacha fidia ya pauni 2,500 kwa starehe aliyoikosa mteja. Binafsi naona hukumu hiyo ya pili ilikuwa kali kwa mtu aliyelipia kina alichokitaka, maana inamwachia mjenzi mlango wa kupunguza vipimo akijua atalipa kidogo. Lakini ndiyo hali ilivyo. Anayedai kubomoa na kujenga upya aonyeshe kwamba kasoro inagusa usalama au matumizi, au kwamba gharama ya kurekebisha inaendana na faida yake. La sivyo, adai punguzo la bei na alipate mapema.

Kwa usalama naweka mpaka tofauti kabisa. Nguzo inapopinda, nyaya zinapochoma, au paa linaposhuka, mambo ya barua na subira yanakaa kando. Watu watolewe, umeme ukatwe, mamlaka inayosimamia majengo na majirani waarifiwe siku hiyohiyo. Hata hapo, taarifa hupelekwa kwa mwenye uwezo wa kufunga jengo, naye hahitaji video yenye muziki wa huzuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuhusu mtindo huu wa kuanika ni jinsi unavyowabadilisha mafundi wenyewe. Kasoro ndogo hutokea hata kwa mikono mizuri, na desturi nzuri ya kazi ni fundi kusema mapema: hapa nimekosea, nipe siku mbili nirudie. Fundi anayejua kwamba kukiri kwake kutapigwa picha na kurushwa usiku uleule hatakiri tena. Atapaka plasta juu ya ufa, atajaza saruji pembeni ya kigae, na atakabidhi kazi ikiwa inang'aa. Tutapata maungamo machache na kasoro nyingi zilizofichwa, na zilizofichwa ndizo ghali kuliko zote. Mafundi makini wataanza kudai malipo yote mwanzoni, au kuchagua wateja wanaowajua tu, na mteja mgeni ataachiwa wale ambao hawana jina la kupoteza. Hao ndio hasa ambao video haiwatishi, kwa kuwa wiki ijayo watakuwa na namba mpya na jina jipya.

Kwao hao, ukweli ni mchungu kidogo. Mkandarasi asiye na anuani, mali wala usajili anaweza kushindwa kesi na bado usipate kitu, kwa hiyo kabla ya kutumia fedha kumfuata inafaa kuuliza hukumu itakazwa juu ya nini, yaani ana kitu gani cha kukamatwa ili ulipwe. Jibu likiwa hakuna kitu, mwenye nyumba afanye hesabu kavu: gharama ya kurekebisha, kiasi alichobaki nacho mkononi, na tofauti kati ya viwili hivyo, ambayo ndiyo hasara yake halisi. Mara nyingi ni ndogo kuliko alivyohofia alipokuwa amesimama mbele ya ufa. Akishaijua, ataweza kuamua kama atoe taarifa polisi pale palipo na udanganyifu wa wazi, kama akubali kupokea kidogo kidogo kwa makubaliano yaliyoandikwa na kushuhudiwa, au kama aiache hasara na kuelekeza pesa iliyobaki kwa fundi atakayelipwa kwa hatua, huku sehemu ya mwisho ikishikiliwa hadi mvua kubwa ya kwanza ipite bila paa kuvuja.